Maharage ya Avelina

Kirushya, Ngara
4 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi Scholastika,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje tangu ubadilishiwe dawa? Na Mzee Ansbert, bado anakohoa? Sisi huku ni wazima. Mvua imeanza, na kila nyumba inachambua mbegu za maharage.

Nipo nyumbani kwa likizo, nimepumzika kuandika habari za gazeti. Hii ni ya kwako.

Mdogo wangu Avelina amekaguliwa tena darasani. Mara ya kwanza, kama ulivyosikia, alishika andalio la somo akalisoma mpaka kengele. Mthibiti ubora wa shule, Bwana Ndassa, alimwambia, "Mwalimu, leo umeifundisha karatasi." Taarifa ya safari hii ndiyo ingeamua kama atathibitishwa kazini.

Hakulia wala kulalamika. Kila jioni alituketisha sebuleni, Mama na mimi, tukawa darasa la pili. Tulipokosea alituuliza tumefikaje hapo. Mama alinyoosha kidole: "Mwalimu, naomba ruhusa, ndizi zinaungua." Alimruhusu, kisha akaendelea na mimi.

Siku yenyewe nilimpeleka kwa pikipiki, nikasimama nje kando ya dirisha. Somo lilikuwa kugawanya. Kila kundi la watoto wanne lilipewa maharage ishirini na manne, na hesabu pamoja na jibu lake ilikuwa tayari ubaoni. Kosa ni kwamba aliyachota kwenye ungo ambao Mama alikuwa ametupia mabovu.

Watoto hawakugawanya. Walianza kuchambua, kama wanavyofanya kwao msimu huu.

"Acheni hiyo, gawanyeni," alisema Avelina.

"Mwalimu, haya yametobolewa," alijibu Kwizera, mtoto wa jirani yetu. "Hayaoti."

"Kwani tunapanda?" mwenzake alimcheka.

"Wewe panda yako uone!"

Darasa zima likacheka. Ndassa aliinua kalamu. Nilimwona Avelina akitazama andalio lake mezani, na nikadhani angelishika. Hakulishika. Alifuta ubao wote, akauliza kila kundi limebaki na mangapi. Kundi la Kwizera lilikuwa na kumi na tisa: kila mtoto akapata manne, matatu yakabaki. Watoto wakabishana ni ya nani. Avelina akawaacha wabishane, kisha akawafundisha hesabu yenye baki, ambayo hakuwa ameiandaa hata kidogo.

Baadaye Ndassa alimuuliza kwa nini alifuta ubao.

"Nisingefuta, wangenakili jibu la maharage ambayo hawana."

Shangazi, nimeripoti mikutano ya wakubwa wengi, na nimeona watu wazima wakishikilia hotuba zao ilhali ukumbi umeshabadilika. Huyu binti ana miaka ishirini na sita.

Ndassa amependekeza athibitishwe. Nimeiona sahihi.

Mama anakusalimu, na anaomba mbegu za mboga za huko Songea ukipata mtu wa kumpa. Wasalimie Mzee Ansbert na Teddy, mwambie Teddy amalize chuo. Mungu awalinde, na miguu yako ipate nguvu uje Krismasi.

Mabovu yamo kwenye kopo darasani. Mama aliyataka awape kuku. Avelina amekataa, anasema hizo ni zana zake.

Mwanao wa hapa nyumbani, akupendaye,
Erasmus