Upele Umerudi Mara ya Tatu

Andongwisye, mjinga wa leo nilikuwa mimi. Naandika haraka, aendaye huko Ikolo ananisubiri.

Upele wa mwanangu umerudi. Mara ya tatu, ndugu yangu. Vidole vimetunga usaha, halali wala hanyonyi.

Na dawa ya kiberiti si niliipata? Mmisionari Mdachi aliniambia nyumba nzima ipakwe siku moja. Nikawapanga uani kwa baba. Nikampaka baba, mama, wadogo zangu, mtoto. Wote, nakwambia. Wote.

Basi leo nikamgeukia Rut mbele ya mama, nikacheka kama unijuavyo: "Mke wangu, hata dawa ya Wadachi imeshindwa na uchafu wako."

Mama akainamisha kichwa. Rut hakulia. Alikuwa akijikuna, na ndipo nilipoitazama mikono yake. Upele mtupu, hadi viwikoni.

Akasema, "Dawa uliipaka mbele ya baba yako, ambaye sisi wake wa wanawe haturuhusiwi kuonana naye hata kwa mbali. Mtoto ulimchukua, ukampaka, ukanirudishia nimnyonyeshe. Mimi ulinipaka lini?"