Kengele Ambayo Detekta Haikuisikia

Jumanne, baada ya isha

Mwenzangu wa zamu ya usiku ameacha tena betri ndani ya detekta yetu ya kukagulia vyuma, na zimevuja. Nimemwambia mara ngapi? Asubuhi nimesugua vichuma vya betri kwa ndimu na mswaki mkuukuu, kisha nikapangusa vumbi lote la Garissa hadi kwenye kitufe. Ikifa hii, hapa getini sokoni hatuna nyingine.

Nikaijaribu kwa ufunguo wa nyumba yetu ya Elwak, kama kawaida yangu. Ikalia vizuri. Ufunguo wenyewe sijafungua nao mlango tangu nije huku.

Halafu akaja bibi mmoja, ameshuka basi la Elwak, mfuko begani. Nikaupitishia detekta. Kimya. Lakini alipoushusha chini, ndani kukasikika kok, kok. Nikaganda.

"Una nini humo, ayeyo?" nikamuuliza, nikimwita bibi kwa Kisomali.

"Kengele ya ngamia, mwanangu." Akaitoa. Ya mti, ndiyo maana mashine haikuisikia. "Ngamia wameisha kwa ukame. Hii sikuweza kuiacha."

Baba yangu hujua gizani ngamia wake yuko wapi kwa mlio kama huo tu. Wiki hii sijampigia simu. Naogopa ataniambia wamebaki wangapi.

Foleni ilikuwa ndefu, watu wananung'unika. Nikamwambia ayeyo kwamba ukaguzi bado haujaisha, aitikise ile kengele, niisikie tena.