Nikataze Mbele ya Watu

Dada Faiza,

Salamu zikufikie huko Maskati. Sisi wazima, na paka wako kazaa tena.

Ngumi zimeruhusiwa tena Unguja, wakanikumbuka mimi, niliyemlaza bingwa wa Tanga kabla hajatokwa na jasho, kisha nisiitwe tena. Nshakubali kupigana Jumamosi, na uzee huu!

Lakini juzi nilipotea Mji Mkongwe, mimi niliyezaliwa humo. Daktari kasema ni ngumi za zamani. Nikipigwa tena kichwani, basi.

Naogopa, dada. Kujitoa mwenyewe siwezi, Kikwajuni nzima itanicheka. Nipigie Ijumaa baada ya sala, nikiwa barazani na wenzangu. Simu nitaiweka sauti kubwa. Nigombeze, nikataze, ulie kidogo. Mimi nitabisha sana; usinisikilize.

Mdogo wako, bingwa,
Ubwa