Isale Kwenye Maua ya Asante

Jumanne, 1 Julai 2025

Baridi ya Julai imeingia na fujo zake. Mlima haujaonekana tangu juzi, wingu tupu. Lakini baridi naisikia kwa ngozi yangu mwenyewe — asante Mungu! Mwezi uliopita nilikuwa nimelazwa na mishono tumboni, mfuko wa nyongo umetolewa, nesi ananikataza kucheka. Na kila aliyekuja kuniona alikuja na vichekesho.

Nimeamua jambo. Wote walionihangaikia nitawapelekea maua. Maua ya kweli, mawaridi ya mashamba ya kule Usa, si picha ya WhatsApp yenye njiwa na mstari wa Zaburi. Sisi mtu tunampa maua akishalala kwenye jeneza. Tunamrundikia mashada na yeye haoni hata moja! Mimi nataka watu wangu wayaone kwa macho yao, wayanuse, waulizane ya nini.

Gadiel anasema mke wake kaanza uzungu uzeeni. Mwache aseme. Ndiye atakayeanza kupelekewa.

Alhamisi, 3 Julai 2025

Nimepata muuzaji pale Levolosi. Anaitwa Silantoi, binti wa Kiarusha, vidole vimechanwachanwa na miiba, na mdomo haupumziki. Akaniuliza ni ya harusi au ya msiba. Nikamwambia ni ya asante tu. Akasimama na mkasi mkononi. Akasema hiyo bado hajaifunga tangu aanze kazi, lakini nikae, tutaibuni wote. Nimempenda papo hapo.

Kafunga vizuri — mawaridi ya rangi ya chungwa, vile vimaua vyeupe vidogo vidogo, na majani laini kama manyoya ya kuku pembeni. Shada moja nikampelekea Mama Lengai, jirani yetu, aliyenifulia mashuka wiki nzima. Kufungua geti kuniona na maua, kapiga yowe: Mama Manase, nani kafa? Ikabidi nimwombe maji ya kunywa, tukae, nimweleze. Alipoelewa akalia vilevile. Kayaweka kwenye jagi la juisi, juu ya televisheni.

Gadiel ya kwake kayapokea kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga. Ila jioni nimemkuta anayabadilishia maji.

Kisha akaharibu. Akauliza: na Agnela je?

Nikamwambia Agnela hakuja hospitali. Akasema hakuja, ila mtori wake ulikuja. Ni kweli. Siku ya tatu baada ya operesheni, Evelyn, binti yake, alileta chupa ya mtori wa ndizi, mwepesi, usio na mafuta, sawasawa na alivyoagiza daktari. Niliumaliza wote. Hata sikusema "mwambie mama yako asante". Nilisema tu rudisha chupa.

Ijumaa, 4 Julai 2025

Sikulala vizuri. Mtori umenikaa rohoni.

Niandike tu, humu hakuna wa kuniona. Agnela ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Mama alikuwa akiishi kwake Sakina. Usiku mama alipozidiwa, Agnela alimpeleka hospitali wala hakunipigia. Kifo cha mama yangu mzazi nimekisoma kwenye grupu la ukoo! Kati ya tangazo la harusi na picha ya ng'ombe wa mtu. Nilipofika, mama alikuwa mochwari tayari. Huu mwaka wa tatu hatusemeshani. Yeye ndiye aliyenikosea, na aliyekosea ndiye anayeanza. Ndivyo tulivyolelewa.

Lakini mtori ni mtori. Aliyekulisha unamshukuru hata kama mmegombana. Nimempigia Silantoi, nimemwagiza mashada mawili yatoke leo: moja la Nanyori, nesi wa wodini, moja la Agnela. Kadi ya Agnela iandikwe hivi: Asante kwa mtori. Na jina langu, Aika. Basi! Asiongeze kitu. Silantoi akasema yale majani laini yamemwishia. Nikamwambia weka yoyote, mradi yapendeze.

Jumamosi, 5 Julai 2025

Asubuhi kapiga nesi Nanyori. Swali lilelile — kuna msiba? Nimecheka mpaka mshono umevuta. Kasema wagonjwa wengi wakitoka hawakumbuki hata jina lake, wala yeye hawalaumu, nani anataka kukumbuka wodi. Kayapiga picha, kayaweka status.

Halafu simu ikaita tena. Namba niliyoifuta, lakini kichwani haijafutika. "Shikamoo dada."

Mdomo ukajibu marahaba kabla sijaupa ruhusa!

Agnela alikuwa analia. Kasema nimepokea, dada. Nimepokea kwa mikono miwili. Nikasema ni maua tu, ni kwa ajili ya mtori. Akasema najua, najua, na kilio kikazidi. Hatukuongea zaidi. Nimebaki nimekaa kitandani na simu mkononi. Sauti yake imekuwa ya mama kabisa. Sikujua sauti ya mtu inaweza kugeuka hivyo ndani ya muda mfupi.

Sielewi kilio cha nini, mawaridi kumi na mbili tu. Ila nimefurahi. Ndiyo, nimefurahi, liandikwe.

Jumapili, 6 Julai 2025

Sina furaha tena. Nina hasira!

Evelyn kapita baada ya ibada. Shikamoo mama mkubwa, kanikumbatia, kaning'ang'ania kama mtoto. Akasema: mama mkubwa, umefanya jambo kubwa, mama jana kalala bila kuamka usiku, siku nyingi hajalala hivyo. Nikauliza jambo gani. Akasema lile isale.

Isale gani?

Akanionyesha picha. Mawaridi yangu, mazuri kweli. Na pembeni, yamechomoza marefu, yamesimama wima — majani ya isale! Isale lenyewe, lile la uzio wa nyumbani Machame! Kwetu Uchagani hata mtoto anajua. Ukimpelekea mtu isale umekiri kosa, unaomba msamaha. Na aliyepelekewa hana ujanja, lazima akusamehe, hata kama ulimchomea nyumba.

Kwa hiyo mimi nimeomba msamaha. Mimi! Niliyekosewa! Na mjumbe wangu ni kijana wa bodaboda aliyevaa helmeti!

Sikumwambia Evelyn kitu. Uso wake ulikuwa umenawiri mno.

Saa mbili usiku kapiga baba mdogo Elinami kutoka Machame. Mdogo wake marehemu baba, ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Agnela kampigia leo, kamweleza. Mzee sauti inatetemeka. Akasema mwanangu, nilikuwa namwomba Mungu nisife nyinyi mkiwa hivi. Atakuja Jumamosi na mbege, pombe yetu ya ndizi, tukae hapa kwangu, kila mmoja aseme la moyoni mbele ya watu, tunywe kata moja, yaishe. Nilisema nini? Nikasema ndiyo baba.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Nimemfuata Silantoi Levolosi, moto kichwani. Nikamuuliza ulitia majani gani. Akaniangalia. Akasema: si ni yale marefu, mama, yaliyo kwenye uzio wa jirani yetu mmoja Mchaga, hayanyauki hata wiki mbili, wateja wanayapenda. Nikamweleza maana yake. Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Yesu wangu! Mama, sisi kwetu mtu akiomba amani anashika nyasi mkononi. Nyasi nisingekuwekea hata kwa bahati mbaya! Haya ya kwenu sikujua."

Akataka apige simu kwa Agnela palepale, aseme ni kosa lake. Namba ikaanza kubonyezwa. Na mimi — sijui nini kilinipata — nikamnyang'anya simu.

Akacheka kidogo, kwa woga. Kisha akanipa waridi moja jekundu, bure. Akasema hili halina jani, mama, ni pole tu.

Nimelishika njia nzima hadi Njiro. Mpaka konda kaniuliza ni la mzee?

Jumatano, 9 Julai 2025

Ukoo mzima unanipongeza. Shangazi wa Moshi, binamu wa Dodoma, mtoto wangu Manase kutoka Mwanza — mama, najivunia wewe. Kwenye grupu wamenijazia mikono ya kuomba na moyo mwekundu. Wanasema dada mkubwa kajishusha. Wanasema Aika kakomaa. Nikiwa na miaka hamsini na tisa!

Napongezwa kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao. Kibaya zaidi, ni mtamu.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Nimemwambia Gadiel ukweli wote. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Kasema, na maneno uliyomwambia Agnela makaburini, mbele ya mchungaji, kwamba kamficha mama mpaka kafa — yale isale lake liko wapi?

Nikamwambia yale yalitoka kwenye uchungu. Akasema na yeye alikuwa na uchungu, mama alikuwa wa wote wawili. Akaenda kulisha kuku.

Hata hivyo nimeamua. Jumamosi nitasema. Kwa adabu, bila kupandisha sauti, lakini nitasema: lile isale sikulituma mimi. Siwezi kunywa kata ya mbege na uongo ndani yake. Mungu aliyeniponya anaona.

Nimelipigia mstari, nisije nikajigeuka.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Naandika nimefunga mlango wa chumbani. Nimewaambia naenda kubadili kitenge.

Wamejaa sebuleni. Baba mdogo kaja na dumu la mbege na fimbo yake. Kanishika kichwa kwa kiganja kizima, kama nilipokuwa mdogo. Wamekuja na wa Moshi. Mama Lengai kajialika mwenyewe, anakaanga nyama ya mbuzi. Watoto wanakimbizana uani. Nyumba hii haijawahi kuwa na kelele nzuri hivi tangu niumwe. Nashukuru, nashukuru.

Agnela kaja mapema, kabla ya wote. Kakonda. Kapiga goti kidogo kunisalimia, nami nikamwinua, na hapo tukakwama, hakuna aliyejua mikono aiweke wapi. Akaingia jikoni, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi. Nikasimama kando yake. Nikaona nimwambie kwanza yeye, peke yetu, kabla ya wazee. Ni haki yake.

Nikasema, Agnela, lile isale.

Akasema, najua, dada.

Kisu hakikusimama. Akasema siku ileile ya Jumamosi jioni aliona status ya nesi Nanyori. Mawaridi, na isale hilohilo, limesimama hivyohivyo. Akajiuliza: sasa dada kamkosea nini nesi? Akaelewa ni muuzaji tu.

Nikamuuliza status ya Nanyori kaionaje, anamjulia wapi.

Hapo ndipo kisu kikasimama. Akasema: "Namba yake ninayo. Ulipolazwa nilikuwa nampigia kila asubuhi. Ananiambia umelalaje, umekula nini, homa imeshuka. Ndiye aliyeniambia mtori usiwe na mafuta."

Kila asubuhi. Na mimi pale kitandani nikiwahesabu waliokuja na wasiokuja!

Nikahesabu na siku nyingine. Status kaiona Jumamosi. Kampigia baba mdogo Jumapili. Kwa hiyo alipompigia mzee alikuwa ameshajua. Nikamwambia hivyo, ulijua, na bado ukampigia. Akasema ndiyo. Nilijua si lako, nikalipokea hivyohivyo. Ningesubiri la kweli tungezikana, dada.

Kisha akasema la mama, bila kuulizwa, anaangalia ndizi. Usiku ule alidhani mama atapona. Kila mara alikuwa akipona. Kila mara nilikuwa nikiamshwa, nikikimbia Sakina na presha yangu, na asubuhi tunamkuta mama anakunywa uji. Alitaka mara moja tu niamke nimelala vizuri. Huwa anawaza ile simu aliyoacha kupiga, kila siku ya Mungu.

Niliitazama mikono yake, utomvu wa ndizi umemganda vidoleni, mweusi. Nilitamani kuishika. Sikuishika.

Akasema kama nataka kuwaambia wazee kuwa isale si langu, niwaambie. Yeye hatakasirika. Atakula mbuzi kama kawaida.

Akanawa mikono, akaenda kukaa sebuleni. Mimi nikaja huku.

Sijui sasa nani kamsamehe nani. Nilikuwa na sentensi yangu moja, safi, niliyoinyoosha tangu Alhamisi. Naitafuta, siioni. Iliyopo mdomoni ni ya makaburini, ile niliyomwambia mbele ya mchungaji, na sijui inaanziwa wapi kurudishwa.

Kitenge nimeshavaa. Machozi nimefuta mara mbili, yanakuja tena.

Baba mdogo ananiita. Anauliza Aika yuko wapi, mbege inapoa povu. Anaita tena. Mtu anasema aende mmoja akamwangalie, isije ikawa ni mshono.

Namsikia Agnela anawajibu, kwa ile sauti ya mama: "Mwacheni kidogo. Anakuja."

Hakuja kuniuliza kama nakuja, wala nitasema nini.