Maji Aliyoyaulizia Baba

Dada yangu Mitsuyo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani mpaka huko Brazili. Hujambo wewe, hajambo shemeji? Na kile kikohozi cha mwanao mdogo, kimepoa? Sisi huku miili ni mizima. Machungwa yameiva mpaka matawi yamelala, na hakuna mwenye moyo wa kuchuma.

Telegramu ilikwambia Baba ametutoka, basi. Nimeona nikueleze alivyoondoka, maana najua unalala ukiliwaza hilo.

Daktari alipotuambia sasa ni kungoja tu, Baba hakumuuliza habari za dawa. Aliniuliza mimi maji yakoje. Wewe umezaliwa hapa, unajua: kwetu mtoto huja maji yakijaa, na mgonjwa huondoka maji yakipwa. Na mtu aliyepitisha meli kwenye mlango wetu wa bahari maisha yake yote hangekubali kuondoka saa nyingine. Lakini ndugu yetu Teiji alikuwa ameteremka melini bandarini Yaizu, yuko njiani anakuja. Tangu siku ile Baba alipomwambia asikanyage tena kizingiti chake, walikuwa hawajasemezana, na Baba alikuwa akimwita usingizini. Niliogopa wasije wakapishana.

Basi nikadanganya. Kila alipouliza nilimjibu yanajaa. Asubuhi yanajaa, jioni yanajaa. Bi Kiyo wa jirani, aliyekuwa akinisaidia kumgeuza, alinivuta jikoni akaniambia namchosha mzee wa watu, na tena bahari haidanganywi. Nilimjibu kwamba bahari sijaigusa, namdanganya baba yangu, na hilo ni letu wenyewe. Baba naye, kwa sauti kidogo iliyombakia, akasema kama maji yanajaa tangu juzi, basi samaki wameshaingia hekaluni kule mlimani, nimpelekee mtawa ndoano. Nilicheka mpaka nikalia. Kumbe alikuwa anajua. Akageukia ukutani, akaendelea kungoja.

Teiji alifika na kivuko cha asubuhi, amekonda, ananuka mafuta ya meli. Nilidhani watarushiana maneno. Baba alimuuliza tu kama huko bahari kuu wanakula vizuri. Teiji akasema samaki ni wengi, ila mpishi wao ni wa kumtupa majini. Baba akasema hata wa kwake alikuwa hivyo hivyo. Ndiyo suluhu yao nzima, Dada. Kisha Teiji akakaa akimkanda miguu na kumwimbia nyimbo za makasia, hata zile zenye matusi, na Bi Kiyo akajifanya hasikii.

Baada ya hapo maumivu yalikuja mabaya. Hukuyaona, nami nashukuru hukuyaona. Adhuhuri Baba alinishika mkono akaniuliza tena maji yakoje. Nilitazama dirishani. Yalikuwa yanajaa, bamvua, yamefika ngazi ya juu ya gati, na mvumo wake nadhani Baba aliusikia kama nilivyousikia mimi. Kungoja yapwe kungekuwa mpaka jioni, naye alikuwa anatafuna shuka asipige kelele.

Dada, nilimwambia yanapwa.

Alinipapasa mkono, akasema vizuri, basi nifungue kamba. Alikata roho Teiji amempakata kichwa, na maji bado yanapanda.

Watu wote wameambiwa aliondoka na maji kupwa. Bi Kiyo, aliyekuwa amesimama pale pale dirishani, ndiye anayeliapia hilo kuliko sisi. Ni wewe tu ninayekwambia kweli. Nilipomzuia sikuona vibaya, lakini hili la kumwachia linaninyima usingizi. Kama unaona nilimharakisha, niandikie hivyo hivyo bila kunificha. Kutoka kwako nitalipokea.

Teiji anakusalimu, atakaa nami mpaka machungwa yaishe. Mpe shemeji heshima zangu, na watoto uwabusu, hasa yule ambaye hakuwahi kuonana na babu yake.

Mdogo wako akupendaye,
Sonoe