Picha ya Ubongo Namba Kumi na Saba

Mwenzangu, uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Nimejifungia chooni kazini.

Si unaijua ile mashine yetu mpya ya kupiga picha za ubongo, inayoonyesha Alzaima miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau? Mwezi uliopita walitaka mtu mwenye afya wa kulinganisha na wagonjwa. Nikajitolea. Nikadungwa dawa, nikalala mle nikiwatania wenzangu kwamba watakuta umbea mtupu.

Leo daktari amefungua picha mbele yangu. Hazina majina, zina namba tu. Kumi na saba ni yangu.

Akasema, "Huyu ameshaanza."

Ameshaanza. Kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anakoroga chai.

Nikauliza ameanza nini, kana kwamba sijui kazi yangu. Akanionyesha kwa kalamu, hapa na hapa, palipong'aa. "Mwenyewe bado hajui lolote," akasema. "Ana umri gani?"

"Arobaini na tisa."

Akaguna. "Bado mdogo. Ana watoto?"

"Wawili."

Hapo akageuka kuniangalia. "Kumbe unamfahamu."

Nikamjibu, "Kidogo tu."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kidogo tu. Yaani mimi huyu.

Ameniagiza nimpigie mgonjwa simu, aje Jumatatu na mtu wake wa karibu. Mume wangu siwezi kumwambia kabla sijaelewa mwenyewe.

Jumatatu saa nne asubuhi utakuwa na nafasi?