Vitunguu Saumu Visivyogawanyika

Mwananyamala,
Dar es Salaam.
18 Septemba 1949

Mpwa wangu mpendwa Jabiri,

Marahaba! Naitikia mapema, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hujambo huko Lushoto? Mkeo Mauwa hajambo? Cherehani bado inawapa kula? Sie huku wazima, ila goti langu la kushoto limeingia kiburi, halikunjiki mpaka libembelezwe.

Vile vitunguu saumu ulivyompa dereva wa lori vilifika, na sikuvila, nilivipanda masika yalipokwisha. Taabu ilikuwa mahali. Tuta zuri ni lile la mchicha wa mkaza mjomba wako, Mwanabaraka. Nikamwomba, akanipa kwa sharti: visipozaa kama vya dukani, tuta linarudi kwake, na mie sitii mkono humo tena mpaka nazikwa. Nikakubali haraka, kama mtu anayejua anachofanya.

Basi vikaota majani marefu, mpaka jirani yetu Kamugisha, yule karani wa Bukoba, akaniuliza, "Mzee Hija, mbuzi wa kula hayo majani unamleta lini?" Mie moyo haukutulia. Nilikuwa nachimbua kimoja, nachungulia, nakirudisha.

Juzi nikang'oa mstari mmoja mbele ya Mwanabaraka. Jabiri, kila kimoja kiduara kama gololi, hakina punje hata moja ndani! Nimepasua, nimetafuna, mpaka msikitini watu wakanihama safu. Ni saumu kweli, ila haikugawanyika. Mie shule nilitoroka tulipofika hesabu za kugawanya. Naona navyo vimetorokea hapo hapo.

Mwanabaraka alicheka hata akakaa chini. "Mume wangu, umepanda saumu, umevuna macho ya samaki!" Nikajua tuta limekwenda.

Lakini alipoingia jikoni kicheko kikakatika. Kumbe kiduara unakimenya mara moja tu, unakitia kinuni, basi. Hakuna kuhangaika na vipunje na maganda ya kuganda kwenye kucha. Akatoka na kisu mkononi. "Tuta langu, na vilivyomo vyangu. Mbegu nitapanda mwenyewe. Wewe lete maji, na nikikuona unachimbua, leo huli."

Sasa namwagilia tu, mikono nyuma kama askari. Na swali linaniwasha: kwa nini havikugawanyika? Ni joto? Nyie mnalala na blanketi, hivi vimelala vikitoka jasho. Au ni mie niliyevisumbua kwa kuchungulia? Nijuaje, nami nimepigwa marufuku?

Tafadhali panda vichache nyuma ya nyumba yako. Nusu uviache vilale, nusu uvichimbue kila mara kama mjomba wako, uniandikie punje zinaanza lini. Mauwa akikuona mwendawazimu, mwambie nimekutuma mie, hatashangaa.

Nisalimie mama yako, dada yangu Chausiku, na Mauwa na watoto. Mungu awakinge na baridi hiyo, awape riziki na usingizi mwema.

Mjomba wako akupendaye, asiyeruhusiwa kugusa tuta,

Hija